Tulipongojea Pikapu Ifeli

Siku ambayo baba yako alirudi nyumbani akicheka kwa sababu pikapu imefeli inspeksheni, mwanangu, naikumbuka hadi leo, na kila nikiikumbuka nakichukia kile kicheko. Juzi uliniuliza kama ile bima wanayokuuzia, ya kukulipia fundi gari likifeli ukaguzi, ina faida. Ulikuwa na haraka, ukataka ndiyo au la. Sina jibu fupi namna hiyo. Keti.

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Tulikuwa tumepanga hapa hapa Kimumu, na baba yako alikuwa akichukua maziwa ya wakulima wa Burnt Forest kila asubuhi na kuyaleta mjini. Wenzetu walikuwa na ekari za mahindi kule Moi's Bridge. Sisi shamba letu lilikuwa pikapu. Nayo ilikuwa kuukuu. Watu wa maziwa waliompa kazi hiyo walikuwa na sharti moja tu: gari lisilo na stika ya inspeksheni halibebi.

Basi akaja ajenti mmoja, kijana mwenye tai na viatu visivyojua matope. Akasema, "Mzee, wewe lipa kidogo kidogo. Siku gari ikifeli, hiyo kazi ya fundi ni yetu." Baba yako hakuwa mzee hata kidogo, lakini kuitwa hivyo kulimlainisha, akatia sahihi. Hapo ndipo akili yake ilipogeuka. Breki zilipoanza kulia, hakukimbilia gereji kama zamani. Akawa ananiambia, "Wacha zilie. Nikitengeneza saa hii nalipa mimi. Nikingoja inspeksheni, bima inalipa." Umesikia hesabu hiyo? Mtu analipia bima ya kufeli, halafu anaanza kungojea kufeli kama mkulima anavyongojea mvua.

Wakati huo Kogo, nyanya yako mzaa baba, alikuwa amekuja kututembelea. Alisikia pikapu ikiingia uani kwa mayowe, akatoka na shuka yake mabegani. Hakuwahi kuendesha hata baiskeli, yule mama.

"Hiyo kitu inalia nini?" akauliza.

Baba yako akamweleza mambo ya bima, tena kwa fahari. Kogo akamtazama.

"Kijana yangu, ng'ombe yako ikigonjeka, utangoja ikufe ndio ulipwe?"

"Mama, hii si ng'ombe. Hii ni mambo ya ofisi."

"Sawa. Basi mtakunywa maziwa ya ofisi."

Tulimcheka. Tukasema mama wa watu amezoea boma lake, mambo ya mjini atayajulia wapi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, na sisi masikio tulikuwa nayo, tena mazima.

Ukaguzi ukafika, pikapu ikafeli. Baba yako akaingia akipiga kelele tangu langoni, "Mama Chebet, tumefeli! Hata hawajamaliza kuangalia!" Dada yako Chebet, aliyekuwa mdogo, akapiga makofi bila kujua ni ya nini. Nami nikachinja kuku. Tulikula kuku, mwanangu, kusherehekea kufeli.

Kesho yake tukaenda kwenye ofisi ya bima. Msichana tuliyemkuta alikuwa mpole, sitamsingizia. Akasoma makaratasi yetu, akasema bima inalipa kitu kilichovunjika ghafla, si kilichochakaa. "Na breki zenu hazijavunjika, mama. Zimechakaa."

Baba yako akamuuliza, "Sasa gari mzee kama yangu, itafeli na nini kama si kuchakaa?"

Msichana akaturudishia makaratasi. Neno moja tu, kuchakaa. Tulikuwa tumelipia kila kitu isipokuwa hicho kimoja kinachofelisha gari kuukuu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Pedi za breki ambazo tungebadilisha mapema zilikuwa zimekula diski na kuharibu mengine huko ndani, na akiba ya fundi ndiyo ile tuliyokuwa tukimpa ajenti. Watu wa maziwa walitungoja kidogo, kisha kazi wakampa mwingine. Nyasi zikaota chini ya pikapu. Mwishowe wakaja wanunuzi wa vyuma wakaikata vipande pale pale uani, mchana, majirani wakitazama. Baba yako aliwashikia mlango ili waukate vizuri. Baada ya hapo alibeba magunia ya wengine sokoni mpaka mgongo ukakataa, na huo ukimya wake unaodhani ni uzee, si uzee.

Nasaha yangu ni hii, ingawa nimechoka kutoa nasaha maana sijaona aliyeokolewa nazo. Bima yenyewe si mwizi. Gari likiwa bado changa, na ukisoma wasicholipa kabla ya kusoma wanacholipa, labda itakufaa. Lakini lako umelinunua likiwa limeshapita mikono ya watu. Kitakacholifelisha ni uchakavu, na huo hakuna anayekulipia. Hiyo pesa mpe fundi, gari linapoanza kulalamika. Hata hivyo siwezi kukuahidi kitu. Utalitunza na bado litachakaa, kama sisi sote. Ila usikubali ahadi ya mtu ikufanye utamani kuharibika kwa kitu kinachokulisha. Sisi hicho ndicho kilichotumaliza.

Nenda sasa. Mungu akulinde barabarani na akujalie upite. Na siku utakapofeli, maana utafeli tu, akujalie uumie, usicheke kama baba yako. Amina.