Mpunga wa Porini Haungoji Kisu

Mwaka jana, nikiwa darasa la sita, mpunga wa shamba la ujamaa uligeuka manjano ukadumaa kabla haujachanua. Ule wa porini, unaojiotea bwawani chini ya kijiji, ukabaki kijani kama hauna habari. Bwana shamba alikuja darasani akatueleza kwamba una kitu kwenye damu kinachokataa ugonjwa. Wataalamu wakipata mbegu watauoza kwa mpunga wetu, na watoto wao huenda wakarithi ukaidi huo. Nikanyoosha mkono kuuliza mahari itakuwa ng'ombe wangapi.

Mwalimu wa kilimo hakucheka. Aliniadhibu nilinde bwawa, nivune mashuke yakishakauka, bwana shamba azikute mbegu Jumamosi. Zikikosekana, darasa la saba nitalisikia kwa wenzangu.

Nililinda kweli, ndege kwa kombeo, ng'ombe kwa matusi. Kwetu tumelelewa na wimbi, ulezi wa uji, na wimbi unalingoja likauke, kisha unakata shuke mojamoja kwa kisu. Nikangoja. Ijumaa asubuhi nikashika shuke la kwanza: tupu. La pili, tupu. Punje zilikuwa zimepukutika zenyewe, zimezama kwenye tope.

Mwalimu alinikuta nimesimama na kisu mkononi. Nilimwamkia shikamoo. Aliinamisha shuke, akalipapasa.

"Nilikuambia ungoje yakauke," akasema polepole. "Na mimi ni mtu wa wimbi."

Ng'ambo, penye kina, yalibaki mashuke machache ya kijani. Kando yake alisimama nyati dume, peke yake, anatafuna na kututazama. Nilinong'ona kwamba mwalimu atangulie, mkubwa huheshimiwa. Akanambia ninyamaze. Tulichutama kwenye matete mpaka miguu ikafa ganzi. Nyati alipogeuka kupanda ukingo tuliingia, maji kifuani, tukayakung'uta mashuke ndani ya shati langu. Kila tete lilipovunjika nyuma yetu tuliganda.

Jumamosi bwana shamba alizimwaga mbegu kiganjani. Hazikujaza hata kiganja. Akang'ata moja, akaitema. Maziwa matupu, haijakomaa. Akang'ata nyingine.

"Zilizokomaa zimeshapukutika. Nani alingoja mashuke yakauke?"

Mwalimu alifungua mdomo. Nikamuwahi: "Mimi, mzee."

Akang'ata ya tatu, ikalia kati ya meno. Alizichambua muda mrefu, ngumu huku, laini kule, kisha akafunga zile ngumu kwenye karatasi.

"Hizi zitaota," akasema.

Gari la bwana shamba lilipoondoka mwalimu aliniangalia kama ananipima.

"Darasa la saba utakaa dawati la mbele," akasema. "Nikuone."