Jinsi punda wa Ganda alivyolifikisha jina la baba yangu Bombay

Wakuu, salaam aleikum. Walionizidi umri, shikamooni.

Leo asubuhi nimesoma uzi wa kijana mmoja humu analia kwamba utafiti wake hausomwi, kila akifungua Google anakuta citation, yaani mara alizotajwa na watafiti wenzake, ni zile zile za mwaka jana. Nilicheka peke yangu mpaka chai ikapoa. Nikasema ngoja nimhadithie ya kwetu. Haya yamenipata mwenyewe, na shahidi mmoja yu hai pale kijijini Ganda, nje ya Malindi, anayetaka kunikanusha aanze na yeye.

Mimi ni daktari wa mifugo, mstaafu. Miaka ya themanini nilikuwa Malindi, kijana bado, kazi yangu kubwa kupasua wanyama. Jina langu siliweki hapa. Shikeni herufi yake ya kwanza tu, S. La baba yangu naliweka, kwa sababu ndilo lenye kisa. Akiitwa Lali.

Mzee Lali, Mungu amrehemu, alikuwa na duka la nguo mjini. Asili yetu ni Lamu, nyumba ya vitabu na biashara. Ujanani alikaa darasani kwa masheikh, ambako kila hadithi hutajiwa waliopokezana, na huko alitoka na tabia moja iliyowachosha watu wote barazani. Ukimletea habari yoyote, iwe bei ya mchele au mke wa fulani kaachwa, atakutazama akuulize, "Umeipokea kwa nani?"

Ukijibu "Nasikia tu," umekwisha. Anakugeuzia uso, anaendelea kupima kitambaa.

Sasa mzee huyu alisomesha mtoto mpaka chuo kikuu ili awe daktari. Nikatoka daktari kweli, lakini wa wanyama. Lo! Aliumia yule mzee. Hakunigombeza hata siku moja, lakini mgeni akiuliza, "Huyu ndiye mwanao daktari?" Baba hujibu, "Ndiye. Wa punda." Kisha humsogezea mgeni sahani ya tende, mazungumzo yameisha.

Nilikuwa mtu mzima, nina mke, na bado nilikuwa natamani kitu kimoja tu: siku moja Baba aseme "daktari" mbele za watu, aishie hapo hapo.

Haya, tuje kwa punda mwenyewe.

Kazungu wa Ganda alikuwa na punda wa kubebea maji. Ng'ombe dume akampiga pembe ya tumbo. Ngozi haikutoboka, ila nyama ya ndani ilichanika, matumbo yakashuka yakaning'inia chini ya ngozi. Hiyo ndiyo ngiri, wakuu, haina tofauti na ya binadamu.

Ofisini nyuzi tulizokuwa nazo ni zile zinazoyeyuka mwilini. Kwa kidonda kile hazifai, maana zinakwisha kabla nyama haijashikana. Nailoni ya hospitali hatukuwa nayo, na kuiagiza ni kungoja mpaka punda afe. Na Kazungu yuko pale mbele yangu kajishika kichwa, punda ndiye anayelisha nyumba yake.

Nikaenda dukani nikanunua mshipi wa nailoni, ule wa kuvulia nguru. Nikauchemsha sawasawa. Nikamlaza punda kwa dawa, nikamrudisha matumbo yake, nikamshona. Muda wote huo Kazungu kamshika kichwa anamwombea kwa Kigiriama, anamsihi asife, na punda mwenyewe yuko usingizini hasikii lolote.

Akapona. Akarudi kwenye mitungi yake ya maji kama si yeye.

Nikaanza kuutumia mshipi ule kwa mbuzi, kwa ndama, kwa punda wengine, kila mmoja nikimfuatilia nyumbani kwao. Mwisho nikayaandika yote, waliopona na wale wachache waliotunga usaha. Chini kabisa ya makala nikamshukuru Kazungu kwa jina. Nikayatuma kwa jarida moja la madaktari wa mifugo huko ng'ambo. Wakayachapa! Wakaniletea na bunda la nakala za bure, wenyewe wakiziita reprint.

Nakala ya kwanza nilimpelekea Baba. Akaigeuza huku na huku, akaitazama sana picha ya tumbo la punda, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Na nani kaipokea?"

Kusema kweli swali lile liliniuma kuliko lile neno "wa punda."

Vijana, nyinyi leo mnabonyeza mnaona nani kawataja. Sisi tulikuwa tunangoja kadi. Mtafiti akiona makala yako imetajwa mahali na hana lile jarida, anakuandikia kadi ya posta kukuomba nakala. Hakuna kadi, basi jua makala yako imelala. Yangu ililala, wakuu. Bunda la nakala likakaa kabatini mpaka mke wangu akaanza kuliulizia, maana kabati lenyewe lilikuwa la vyombo.

Mpaka Ijumaa moja.

Siku hiyo nilikuwa Kakuyuni tangu alfajiri nikichanja ng'ombe. Narudi alasiri, nanuka dawa na samadi, nakuta viatu vimejaa mlangoni kwa Baba. Ndani udi unafuka, biriani inapakuliwa. Nikajua tumefiwa.

Mtu wa kwanza akanikumbatia, nguo zangu hazikumtisha. "Safari njema, yakhe! Usitusahau huko."

Wa pili naye, "Mola akufikishe salama."

Mpaka Kazungu kaja kutoka Ganda na madafu, kakaa pembeni na huzuni zake. "Daktari, ukienda, punda wangu nitamwachia nani?"

Nikapenya mpaka alipo Baba. Kavaa kanzu yake ya Idi.

"Baba, hii safari ni ya nani?"

"Yako. Umeitwa ng'ambo, nasi tunakusomea dua."

Wallahi ulimi uliniteleza, heshima yote ikanitoka. Nikamuuliza, "Umeipokea kwa nani, Baba?"

Mzee akakohoa kidogo. "Kwa karani wa posta."

Weee! Hapo wapo waliotazama dari, wapo waliojificha nyuma ya sahani. Mtu aliyewakaba watu roho miaka yote hiyo kwa swali moja, leo kapika sufuria za biriani kwa maneno ya mtu wa dirishani!

Baba akaingiza mkono mfukoni akatoa kadi. Alikuwa amekwenda kuchukua barua zake, karani akampa na hiyo yangu. Kadi haina bahasha, karani ameshaisoma kabla ya mwenyewe. Kaona jina langu, kaona stempu ya nje na maneno ya adabu nyingi, akajua tu nimeitwa Ulaya. Baba Kizungu hakijui. Hati ya Kiarabu anasoma kama maji, za Kizungu anazikokota herufi moja moja.

Nikaisoma kimya.

"Baba, hakuna safari. Si Ulaya hata, ni Bombay. Hakuna aliyeniita. Huyu anaomba nakala ya yale niliyoandika."

Niliona aibu ikimpanda usoni, mbele ya watu wake wote, na biriani ile. Nikamwonea huruma, nikatamani ningelikuwa nimeitwa kweli.

Lakini mzee hakuwa mtu wa kukimbia. Akakaa vizuri. "Yeye ni nani?"

"Daktari."

"Wa punda?"

"Wa watu, Baba. Anapasua masikini wenye ngiri, na nyuzi hana. Anataka kujua tulivyoshona."

Baba akainua macho. "Na yeye habari zako kazipokea kwa nani?"

"Kwa daktari mwenzake wa watu, aliyeandika kwenye jarida lao. Huyo ndiye aliyenitaja."

"Na huyo kapokea kwa nani?"

"Kwangu."

"Na wewe?"

"Mimi kwa punda wa Kazungu, Baba."

Baraza lilianguka kwa kicheko. Kazungu aliacha madafu yake akasimama wima na kuuliza kama punda naye katajwa. Nikamwambia katajwa, ila jina lake halikuandikwa. Akasikitika kweli kweli.

Baba peke yake hakucheka. Aliitaka kadi. "Nionyeshe jina lako."

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hata mimi sikuwahi kulifikiria. Kwenye utafiti, wakuu, mtu hutajwa kwa jina la ukoo, na sisi jina letu la mwisho ni la baba. La kwako wewe hubaki herufi. Pale kwenye kadi palipigwa taipu: Lali, S.

"Hili hapa," nikamwonyesha. "Lakini hili ni lako. Mimi ni hii herufi ya nyuma."

Akaweka kidole. Akakokota: la... li. Akarudia tena. Jina lake, yeye ambaye marobota ya nguo yamemjia kutoka Bombay umri wake wote, na yeye mwenyewe hajavuka kwenda popote.

Akawageukia wageni. "Safari haipo. Kuleni. Jina limetangulia, na huko limepokewa." Kisha akanishika bega na samadi zangu zile. "Huyu ni mwanangu. Daktari."

Nikangoja lile neno la pili. Halikuja. Akamsogezea Maalim, aliyekuja kusoma dua, sahani ya tende.

Nilikwenda uani nikalia, nasema wazi, sioni haya.

Tangu siku ile, kila nikitoka posta Baba huniita kutoka dukani, "Tumetajwa?" Si umetajwa. Tumetajwa! Mara nyingi jibu lilikuwa hapana, naye husema, "Subira," akarudi kwenye kitambaa. Kadi zikawa zinakuja moja moja, na kila moja Baba hulisoma jina kwa kidole. Kazungu naye punda wake aliyefuata alimwita Bombay, na mpaka leo pale Ganda ukitaja Bombay watakuonyesha njia ya kisimani.

Kwa hiyo kijana wangu wa uzi ule, usihesabu tu. Uliza nani kapokea, na anashona nini huko aliko. Na wewe unapoandika, mtaje uliyepokea kwake, hata akiwa mwenye punda. Huenda kuna mzee mahali jina lake linangojwa.

Juzi binti yangu kanifungulia simu, kaniambia, "Baba, tazama, kuna dada mmoja anasomea upasuaji wa wanyama, kakutaja." Nikaangalia. Lali, S., na makala ile ile ya zamani. Ijumaa nilipokwenda kumzuru mzee makaburini, nilimaliza fatiha nikakaa kidogo, kisha nikamwambia, "Tumetajwa, Baba."

Haya, wakuu, baraza ni lenu. Nyinyi kazi yenu mmeipokea kwa nani? Mtajeni hapo chini, tumsome.