Mkate wa Vumbini wa Zokir

Sinia la mikate liko kichwani, mkono mmoja umeshika usukani wa baiskeli, mwingine unasalimia watu. Hivi ndivyo Zokir Ergashev, 41, anavyoingia mitaa ya mji wa Kokand asubuhi, mikate ikiwa bado na joto la tanuri.

“Kaka Zokir, leo hujaanguka?” anamtania kinyozi Hamdam, amesimama mlangoni pake.

“Bado, siku ni ndefu!” anajibu, na mtaa mzima unacheka.

Utani huo una kisa chake. Hapa mkate huheshimiwa mno; hauwekwi kifudifudi hata mezani, sembuse kugaagaa vumbini. Mwaka jana Zokir alianguka akiongea na simu, mikate ikatapakaa barabarani. Akina mama wakasusa kununua kwake kwa wiki nzima. Mwenye tanuri, Mzee Tursunboy, akamwonya kwamba akirudia, baiskeli atapewa mtu mwingine.

“Walinisema hadi masikio yakaniwasha,” anasema Zokir. “Na walikuwa na haki. Nina watoto watatu, na kazi nyingine siijui.”

Mwaka huu, miti ikianza kuchanua, akarudia. Na safari hii alibeba mikate ya uchumba ya Dilorom, mjukuu wa Bibi Salomat. Kwa watu hawa posa haijakubaliwa mpaka wazee wa pande zote mbili waumege mkate mbele ya mashahidi. Pale kona ya mgahawa wa chai, Zokir akaenda chini, pu!

Wanywaji chai wakasimama wote.

“Simu tena!”

“Mkate wa uchumba, jamani! Huyu hana haya?”

Mzee Tursunboy, aliyekuwa miongoni mwao, akaja moja kwa moja kushika baiskeli yake.

Ndipo Hamdam akatoka mbio dukani kwake, wembe mkononi. “Mwacheni! Nimeona kwa macho yangu, amemkwepa mtoto!”

Vumbi lilikuwa lile lile na mikate ile ile, lakini nyuso zilibadilika papo hapo. Waliokuwa wakifoka wakapiga magoti, wakaokota mkate mmoja mmoja, wakaubusu na kuugusisha kwenye paji la uso. Mzee Tursunboy mwenyewe akamkung’uta Zokir suruali.

“Nilikuwa shujaa kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai,” anakumbuka Zokir. “Halafu nikamwona Bibi Salomat anakuja. Mkate ni wa mjukuu wake. Nikashindwa kumdanganya.”

Akamwambia, “Bibi, hakukuwa na mtoto. Nimekwepa kuku.”

Hamdam akajifanya anakagua wembe wake.

“Kuku wa nani?” Bibi akauliza.

“Wako, bibi. Yule mwekundu asiyesikia.”

Bibi Salomat, 78, hakubali mtu mwingine asimulie kilichofuata.

“Wote wakanitazama mimi. Nikawaza, mkate umechafuka, sawa, lakini mtu je? Keshasamehewa, halafu anauharibu msamaha wake kwa mdomo wake mwenyewe! Nikawaambia, huu wa vumbini ndio tutakaoumega.”

Ukaumegwa. Dilorom anasema ulikuwa na mchanga kidogo, na kipande chake alikimaliza chote. Aliolewa vuli, na mikate ya harusi ililetwa na Zokir, kwa baiskeli ile ile.

Kesi iliyobaki mgahawani ni ya kinyozi. Nusu ya wanywaji chai wanasema uongo wa kumwokoa mtu hauna dhambi. “Uongo ni uongo,” wanajibu wengine, “na ulivyoninyoa juzi pia ni dhambi!” Hamdam anacheka kuliko wote.

Mwezi ujao ni zamu ya Zokir mwenyewe. Binti yake mkubwa, Mohlaroy, ameposwa, na baba amepanga kuuleta mkate kwa mikono yake. Furaha inamjaa hata hawezi kukaa kitako. Bibi Salomat ameahidi kumfunga kamba kuku mwekundu siku hiyo.

Mohlaroy hana wasiwasi. “Nimemwambia, baba, ukianguka usinitafutie mwingine. Niletee huo huo.”