Mama Odile wa Mangobo, Aliyefungua Maneno ya Kilatini

Alizaliwa Yanonge, kando ya mto, tarehe 13 Desemba 1961, mtoto wa tano wa mvuvi Zacharie na mkewe Angèle. Akiwa na miaka kumi na miwili aliimba "Agnus Dei" katika kwaya, akamwuliza mwalimu wa dini maana yake. Mwalimu hakuijua. Tangu siku hiyo Odile hakutaka tena kumwambia Mungu neno asilolielewa, na huo ndio uliokuwa wito wake.

Mwaka 1983 alihamia mjini, mtaa wa Mangobo, akawa mshonaji, na sokoni akapata kamusi kuukuu ya Kilatini na Kiingereza. Kiingereza nacho hakukijua! Akamwendea Lukumani, Mwislamu aliyefundisha lugha hiyo, na kwa miaka sita wakafukua pamoja: agnus, lamb, mwana-kondoo; lux, light, nuru. Kila neno lilipofunguka alipiga vigelegele hata majirani wakatoka nje. Wengine walimcheka kwamba fundi wa nguo anajifanya padri. Hakuacha.

Jaribu lake kuu lilikuja Agosti 2009. Homa ilikuwa imeua watoto watatu mtaani, na vijana wakamkuta mzee Wenceslas, mjane, akinong'ona juu ya karatasi yenye maneno ya ajabu. Wakamburuta barabarani, wakammwagia petroli.

"Ni maneno ya ndoki, ya muchawi!" alifoka Héritier, aliyeshika kiberiti.

Mama Odile akapenya umati, pini zingali kifuani, akamkinga mzee kwa mwili wake.

"Bon, munipe hiyo karatasi. Nitasoma, na nyiye mutasikia." Sauti yake ikapanda: "Requiem, mapumuziko. Aeternam, ya milele. Dona eis, uwape. Domine, ee Bwana. Huyu papa, huyu muzee, alikuwa anaombea batoto yenu! Ni yeye munataka kuchoma?"

Chantal, mama wa mmoja wa marehemu, akapiga magoti. "Mama, rudilia."

Akayarudia maneno yale, na barabara nzima ikaitikia, watu wakilia na kukumbatiana. Wenceslas akaondoka mzima, akiwa ameshikwa mikono pande zote.

Mama Odile alilala katika Bwana tarehe 2 Machi 2022, akiacha madaftari kumi na moja ya maneno. Waamini husimulia kwamba siku ile kiberiti kilikataa kuwaka. Héritier, leo katekista, husema kilikuwa kizima kabisa; mkono wake ndio uliokataa, mara tu alipoelewa. Nasi tumwige mama huyu: tuulize maana kabla hatujahukumu.