Geji ya Veijo na Kipimajoto cha Marehemu Baba

Veijo Hakkarainen wa mji wa Iisalmi hamwamini mchungaji, wala waziri, wala daktari wa magoti yake. Anaamini kipimajoto cha sauna alichoachiwa na marehemu baba yake: kioo chembamba kwenye ubao mweusi kwa moshi, namba zikianzia arobaini. Kwa miaka thelathini na moja kimesema sauna yake, chumba cha kuogea mvuke, inafika digrii mia, na kwa miaka hiyo yote amemnyanyasa nayo shemeji yake, Ensio, ambaye sauna yake hufika themanini tu. Joto la kuanikia soksi, anasema Veijo.

Kiangazi kile shida ilikuwa gari, jekundu, la mwaka 1983. Mwaka uliotangulia lilichemsha njiani wakienda kwa Ensio, na soseji za sikukuu ya Juhannus wakazila mtaroni na mbu. Mkewe, Raili, hakusahau.

"Tukikwama tena, Jumatatu naliuza," alisema. "Na mnunuzi ninaye."

Gari lilikuwa na taa moja tu nyekundu, inayowaka injini ikishaiva. Kwa hiyo Veijo akanunua geji ya joto: uso wa duara, mrija mrefu wa shaba, na kichwa cha kufunga kwenye injini. Mtu mwingine angekijaribu kichwa kile kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Veijo alikipeleka sauna. Alikining'iniza kando ya kipimajoto cha baba, akapanda benchi la juu uchi, amepakata geji kama mjukuu, akayamwagia maji mawe ya moto.

Kipimajoto kikasema mia. Geji ikasema themanini.

"Takataka," akasema Veijo. Akafungua kioo cha geji, akang'oa mshale, akauchomeka kwenye mia.

Kesho yake alimwaga maji ya rejeta, akafunga kichwa kwa tepu ya mafundi bomba, akatoboa dashibodi. Kazi safi, nakiri. Mimi jirani ndiye niliyemshikia tochi.

Juhannus ikafika, wakashika njia ya kwa Ensio. Kilomita ya ishirini, mshale ukagusa mia na kumi. Veijo akasimama pembeni, wakangoja injini ipoe. Kilomita ya thelathini na tano, tena.

"Tumekwama," akasema Raili.

"Hatujakwama. Tumepumzika."

"Taa nyekundu haijawaka, mume wangu. Hata moshi hakuna."

"Taa ni ya kiwanda. Mshale nimeupima kwa kipimajoto cha baba."

Mara ya tatu kahawa ya chupa ilikuwa imeisha, na Raili bila kahawa ni hatari kuliko injini yoyote. Akawasha jiko dogo la gesi ukingoni mwa barabara. Birika lilipotokota, akachukua kipimajoto cha baba kutoka kiti cha nyuma, maana Veijo haingii sauna ya Ensio bila ushahidi, akakitumbukiza.

"Hebu njoo, bwana. Maji ya baba yako yanachemka kwa mia na ishirini."

Veijo akainama. Akaugeuza ubao. Kioo kilikuwa kimeteleza juu, waya wa kukishika umekatika zamani, una kutu.

"Kwa hiyo injini ilikuwa tisini," akasema polepole.

"Nzima kama ng'ombe. Gari siliuzi."

Hakufurahi. Alikaa kwenye nyasi akipiga hesabu nyingine. "Raili. Na sauna yetu…"

"Themanini. Kama ya Ensio."

Lori likapita. Veijo akaomba kikombe cha kahawa.

"Usimwambie kaka yako."

"Basi nipe ufunguo. Kuanzia leo, kila Juhannus naendesha mimi, na mdomo wako kuhusu soksi nisiusikie."

Ensio aliwapokea getini na koleo la soseji mkononi. "Vipi shemeji, sauna yenu bado mia?"

Veijo akatazama viatu vyake.

"Kaka," akasema Raili akizima injini, "kipimajoto chetu hakijashuka hata nukta moja."