Neno la Siri Lenye Kusomwa kwa Sauti

Wakati wa vita nilikuwa naandika kwa masini katika bureau ya kanisa, Butembo, mutoto mgongoni. Masini, ile kompyuta, ilikuwa moja tu. Ndani yake tulitia orodha ya watu wenye walikimbia Beni: jina la kila mutu na nyumba yenye kumulaza. Mudogo wangu alikuwa humo, nyumba moja ya mtaa wa Vulamba. Askari walikuwa wanatafuta vijana wa kubebesha bunduki, donc orodha ilifungwa na neno la siri.

Mais fundi mwenye aliandika programu ya kuifunga aliacha neno wazi. Kila herufi niliyopiga ilitokea kwenye écran, kioo cha masini, kubwa, nyeupe. Nilimuambia. Akacheka: «Mama, nani atatazama?»

Nani! Kwetu masini ilikuwa kitu cha kutembelewa. Mutu akija kusalimia bureau, anasimama nyuma ya kiti changu. Kumufukuza ni kukosa adabu. Na mwenye kujifunza kusoma ukubwani hasomi moyoni.

Asubuhi moja shemasi wetu alisimama nyuma yangu. Nikiwa katikati ya kupiga neno la siri, askari akaingia kuandikisha barua.

«Ma... ha... ra... gi!» shemasi akasoma. «Maharagi! Nimesoma yote!»

Askari akatazama masini, akaona juu ya écran imeandikwa «Neno la siri». «Inafungua nini na maharagi?»

Nilizima masini.

«Kesho mutanionyesha,» akasema, akatoka bila barua.

Sikungoja kesho. Nilipanda Vulamba na mutoto mgongoni, nikamutoa mudogo wangu, akashika njia ya Vuhovi, inje ya mji, kwa miguu. Shemasi alizunguka nyumba zingine kuonya watu, mzee wa watu, machozi yanamutoka.

Kisha nikarudi bureau kwa fundi, nikamueleza yote. Alikuwa anakunywa chai.

«Basi nitaweka nyota mahali pa kila herufi,» akasema.

«Hapana nyota! Batahesabu. Hapana weka hata alama moja.»

«Mais mama, batu batasema masini imekufa.»

«Baseme!»

Akaketi mbele ya masini, akaandika mistari mitatu. Programu ikaanza kuchukua herufi za neno jipya moja moja kutoka vidole vyangu, écran kimya kabisa. Akarudia kikombe chake, chai ingali moto.

Mistari mitatu! Nilitamani kumumwagia ile chai. Mudogo wangu alikuwa anaingia Vuhovi wakati ule, kulala katika migomba ya watu asiowajua, na mvua imeshaanza.