Picha au Sauti

Katika chumba cha mikutano cha ofisi moja hapa Songea tulikuwa wanne: fundi wa mitambo, mama mmoja kutoka Namasakata, mdogo wa mumewe, na mimi niliyewaombea chumba. Majina yao kamili ninayo, lakini si ya gazetini. Mume wa mama alikuwa amelazwa Dar es Salaam, naye angeonekana kwenye skrini.

"Shikamoo mama," fundi alisema. "Mtandao ni mdogo. Nikiongeza ubora wa picha, sauti inapotea. Nikiupunguza, mtamsikia, ila sura itakuwa ukungu."

"Weka sauti," shemeji alisema. "Aseme mikorosho anamwachia nani."

"Shemeji, mikorosho haikimbii," mama alijibu. "Mimi nataka kumwona."

Fundi akaongeza ubora wa picha, sauti ikapotea. Uso ukajaa skrini.

"Na mikono yake."

Fundi akaivuta nyuma kamera ya kule, mikono ikaonekana juu ya shuka. Mama akainuka, akaenda kuigusa. Hakujua kwamba kamera ya kwetu ilikuwa juu ya skrini, na kwamba kule mumewe aliona kilemba tu. Mgonjwa akapunga kiganja taratibu, kama anayefukuza kuku.

"Anataka urudi nyuma akuone," fundi alisema.

Akarudi hatua tatu. Wakatazamana mpaka muuguzi wa kule akazima mtambo.

"Hatukupata hata neno moja," shemeji alinung'unika mlangoni.

Shuleni tulifundishwa kuamini neno lililosemwa au kuandikwa. Siku hiyo nilimpisha shemeji apite, nikamsubiri mama.

Mgonjwa alifariki Alhamisi iliyofuata, asubuhi.